Mnara Wenye Miguu Udongoni

Wapendwa, fumbeni macho kidogo, mwone pamoja nami kilima chenye ukungu. Juu yake umesimama mnara wa chuma, mrefu, miguu yake mitatu imezikwa kwenye zege. Kileleni kuna gurudumu la upepo linalovuta maji ya kijiji, nalo huzunguka polepole, kama mtu anayewaza. Ilikuwa zamani kidogo, simu hazijafika huko.

Chini ya kilima aliishi mama mmoja kijana aliyekuwa amejifungua mtoto wa kike. Mume wake alikuwa mpima mvua na upepo kwenye kisiwa cha mbali sana, na njia ya kumfikia ilikuwa moja tu, redio ya mawasiliano. Sasa, kwao mtoto hana jina mpaka baba yake alitamke. Siku ya arobaini ikipita baba akiwa kimya, watu husema amemkataa, na neno hilo humfuata mtoto maisha yake yote. Mama huyo alikuwa amefika siku ya thelathini na tano.

Alikuwa na redio, lakini waya wake mfupi uliofungwa kwenye paa ulifika vijiji vya jirani tu. Akamwita fundi. Fundi akamweleza kwamba sauti ya kwenda mbali hivyo hutaka mawimbi marefu, na mawimbi marefu hutaka kitu kirefu cha kuyabeba. Akautazama mnara, akatikisa kichwa.

"Huu ungetufaa, shemeji, ila umeshikwa na ardhi. Ukiuunganisha na redio, maneno yako yote yatazama udongoni. Lazima tuukate miguu, tuukalishe juu ya vikombe vya kaure visivyopitisha umeme."

Mama akakubali. Nani kati yetu asingekubali? Wenye maji walinung'unika, lakini walipomwona mtoto asiye na jina wakaruhusu. Siku ya thelathini na nane msumeno ulianza kuuma mguu wa kwanza.

Ndipo akapita sista wa zahanati, ndoo kichwani. Yeye ndiye aliyeshika redio ya zahanati miaka mingi. Akauliza mnara umekosa nini mpaka ukatwe miguu. Fundi akamweleza yote, kwa fahari kidogo. Sista akacheka mpaka akatua ndoo.

"Nani kakwambia ardhi ni adui yake? Acha miguu ilipo. Shusha waya kando ya mnara, kule juu uufunge kwenye chuma, huku chini ncha yake uipe redio. Na waya zinazobaki, zifukie kuuzunguka. Kadiri unavyoishika ardhi vizuri, ndivyo utakavyosikika mbali."

"Sista, huko si kuuzika mara mbili?"

"Basi tuuzike."

Wakashinda hapo kutwa nzima. Kina mama walichimba vifereji kwa majembe, wakafukia waya kama wanaopanda viazi. Fundi alipanda na kushuka, akisogeza pale waya ulipofungwa, juu kidogo, chini kidogo, mpaka mshale wa redio ukatulia. Mnara wenyewe haukubadilika hata kidogo.

Alfajiri ya siku ya thelathini na tisa ukungu ulikuwa umelala bondeni kama maziwa. Mama aliketi mbele ya redio, mtoto mgongoni. Kabla hajabonyeza kitufe aseme neno la kwanza, akasikia sauti nyembamba, kama inatoka chini ya usingizi. Ilikuwa ya mumewe.

"Mama watoto, kama unanisikia. Nakuita kila alfajiri tangu mwezi wako ulipotimia. Akiwa wa kiume mpe jina la baba yangu. Akiwa wa kike, mwite Tusekile."

Mama alingoja amalize. Kisha akasema, "Ni wa kike."

Wapendwa, si tulidhani shida ni jinsi mama atakavyomfikia baba? Kumbe baba alikuwa anaita siku zote, na mnara ule ule ulisimama ukiguswa na sauti yake kila alfajiri, ila hakuna aliyefunga waya.

Na sisi? Sisi tumeshika msumeno. Tunasema, Bwana, watoto hawa wakikua nitaomba vizuri. Mgonjwa huyu akipona. Nikitoka jikoni humu. Tunadhani vinavyotushika chini vinameza maombi yetu, tunamsihi Mungu atukate miguu. Nani alituambia hivyo? Hapo ulipozama, kwenye nepi na moshi na shamba la watu, hapo hapo ndipo unaposikika.

Kesho ukipuliza moto, mtoto akilia mgongoni, usianze kwa kusema mengi. Tulia kwanza. Huenda unaitwa siku nyingi, na hujaitika.