Punda Aliyekataa Kupona

Wapendwa, kabla sijafungua somo nataka niwaulize swali la mifugo. Msinicheke. Najua nusu yenu mna mbuzi nyumbani, na nusu iliyobaki mnakula mbuzi wa wenzenu, kwa hiyo wote mnahusika. Swali lenyewe ni hili: kidonda kinachooshwa, kinachotiwa dawa, kinachofunikwa, tena kwa mkono wa mtu mwenye upendo, kwa nini kikatae kupona? Liwekeni kichwani wakati nasimulia.

Mama mmoja mjane aliishi nyuma ya mnada wa ng'ombe, naye alikuwa na jambo lililowashangaza majirani: alipokea wanyama ambao hakuna aliyewataka tena. Mbuzi aliyekatwa mguu na pikipiki, akamchukua. Paka aliyemwagiwa maji ya moto, akamchukua. Ng'ombe mzee aliyekauka maziwa, ambaye mwenye ng'ombe alishampigia simu mchinjaji, akamchukua. Hakuwachinja wala hakuwauza. Aliwajengea boma la miti na mabati, akawalisha, basi. Watu wa mnadani walimwita kichaa, na wengine walimwita hivyo huku wanamkabidhi mnyama mwingine.

Siku moja akaletewa punda jike aliyekuwa akivuta mkokoteni wa maji. Kamba ilikuwa imemla begani mpaka nyama ikaonekana, kidonda kikubwa kuliko kiganja changu hiki. Masikio yamelala, kichwa kimeinama, ukimkaribia ngozi inamtetemeka yote. Mama alilia. Halafu akajifunga kanga kiunoni akaanza kazi. Aliosha kidonda kwa maji ya chumvi, akapuliza ile dawa ya zambarau, akakifunika kwa kitambaa safi ili nzi wasitue. Na kila alipobadilisha kitambaa alikilowanisha kwanza kwa maji ya uvuguvugu, kwa subira, kisije kikavuta ngozi.

Mwezi ukapita. Wa pili nao ukapita. Kidonda kiko vile vile.

Ninyi mngefanyaje? Yeye alianza kuchunguza. Labda ni dawa? Akabadilisha dawa. Labda anajikuna ukutani? Akachukua kigoda akakaa naye bomani kutwa nzima, macho kwa punda. Punda anatafuna tu, wala habari na ukuta hana. Labda ni kuku wanamdonoa? Akawafungia kuku, wakampigia kelele wiki nzima. Jirani mmoja akaja na jibu lake, ati huyo punda amerogwa. Jamani! Punda naye ana maadui wa kumroga? Mzee Eliasifiwe, nakuona unacheka, lakini nasi tumewahi kusema hivyo hivyo juu ya mambo ambayo hatukutaka kuyachunguza.

Bwana mifugo alikuwa akipita kila Jumatatu. Ikafika siku naye akachoka. Akamwambia, "Mama, usaha umeanza kuingia ndani. Mwisho wa mwezi nikikuta hakijafunga, itabidi nimchome sindano ya kumlaza moja kwa moja. Kumwacha hivi ni kumtesa."

Mama alimshika punda shingoni, akawaza kwamba alimtoa kwenye mkokoteni ili aje amfie yeye mikononi. Ilimuuma sana.

Sasa sikilizeni vizuri. Wiki ile bwana mifugo alikuwa na kazi ya kuchanja mbwa kijiji cha jirani, na wakati anarudi akapitia kwa mama siku ya Jumamosi, siku ambayo si yake. Akalowanisha kitambaa, akakiinua taratibu. Akakuta nini? Ganda zuri, kavu, kingo za kidonda zimeanza kuvutana! Akakirudishia, akaenda zake anapiga mluzi. Jumatatu akaja kama kawaida yake. Akainua kitambaa. Kidonda kibichi, damu mbichi.

Akasimama pale, mikono kiunoni. "Mama, Jumamosi hiki kilikuwa kinapona. Jana Jumapili mlifanya nini hapa?"

"Jumapili? Hatufanyi kazi yoyote Jumapili. Ni siku ya wageni."

"Wageni wanamgusa punda?"

"Thubutu! Hakuna anayemgusa. Namshika mimi mwenyewe."

"Unamshika ili ufanye nini?"

Mama akasema kwa sauti ndogo, "Nawaonyesha."

Mnaelewa, wapendwa? Kila Jumapili watu walitoka ibadani wakaja bomani. Watu wema kabisa, wenye kuleta pumba na majani na maganda ya ndizi, watu kama ninyi. Na kila aliyeingia aliuliza jambo moja: "Yuko wapi yule punda wa kidonda?" Mama anamleta. Kikundi kikija, anafunua. Kikiondoka, anafunika. Kingine hicho mlangoni, anafunua tena. Nani angepata nafasi ya kulowanisha kitambaa? Anakivuta kikavu, na ganda la wiki nzima linakuja nalo. Wageni wanasema, "Lo! Masikini! Binadamu ni wabaya!" Wanalia machozi ya kweli, kisha wanashusha magunia.

"Lakini daktari," mama akasema, "nisipowaonyesha hawataleta chakula. Hawa wengine watakula nini?"

"Hilo sijui," bwana mifugo akajibu. "Ninachojua ni kwamba mkono unaomtibu ndio unaomchubua."

Wiki ile mama hakulala vizuri, na msimlaumu haraka. Upande huu punda mmoja, upande ule boma zima lenye njaa. Jumapili ikafika. Akaja dada mmoja na gunia la pumba kichwani na watoto watatu nyuma yake, jasho linamtiririka. "Mama, tumetoka mbali. Nimewaahidi watoto watamwona punda wa kidonda."

"Mwoneni, yule pale. Lakini leo sifunui."

Dada akakunja uso. "Yaani nimebeba gunia lote hili, hata kuona tu nanyimwa?"

Mama akamtazama. "Dada yangu, pumba hizi umemletea punda, au umekiletea kidonda?"

Yule dada akajitwika gunia lake akaondoka nalo. Ndiyo, aliondoka nalo! Na wengine wakaacha kuja. Mama akawa anakata majani mwenyewe kwenye mitaro ya barabara mpaka viganja vikapasuka. Ng'ombe mzee akakonda. Mama mwenyewe akakonda. Lakini hakufunua.

Mwisho wa mwezi bwana mifugo akaja, na sindano iko mkobani. Akalowanisha kitambaa, akakitoa. Hakukirudishia tena. Hapakuwa na cha kufunika. Sindano ikarudi ilikotoka, na baada ya miezi michache begani kwa punda pakaota manyoya meupe.

Halafu Jumapili moja wakaja wageni wapya waliosimuliwa na wenzao. "Mama, tumekuja kumwona yule punda wa kidonda."

"Ndiye huyo aliye mbele yenu."

Wakamzunguka. Wakamkagua huku, wakamkagua huku. Mmoja akasema, tena kwa kusikitika kabisa, "Aa! Mbona huyu ni punda tu?"

Yule mama alicheka mpaka akakaa chini. Tangu azaliwe hakuwahi kusikia neno tamu kama hilo. Punda tu!

Basi, tuje kwetu sisi. Mimi sikupakwa mafuta kuhubiri habari za punda. Hapa kanisani tuna desturi, na tunaipenda. Wageni wakija, tunamwita mwenzetu mmoja aliyetolewa mbali: kwenye pombe, gerezani, kwenye ndoa ya kipigo. Tunampa kipaza sauti. "Mpendwa, waeleze wageni." Naye anaeleza. Akifika pale panapouma zaidi, sisi tunapiga makofi, akina mama wanafuta machozi, na ibada siku hiyo tunasema ilikuwa na upako. Kisha tunakwenda kula pilau. Je, kuna aliyewahi kumfuata nyumbani kumwuliza Jumatatu yake ikoje?

Sisemi ushuhuda ni mbaya. Mtu akisukumwa na moyo wake, asimame aseme, na tumsikilize. Ninaowasema ni sisi tunaomsukuma. Na nani huwa anamwita mbele? Mimi! Nilisimama hapa hapa, mwenzetu sauti ikamkatika katikati ya maneno, nami nikasema kwenye kipaza sauti, "Endelea, usiogope, endelea." Mungu anisamehe, nilidhani ninamtia moyo.

Alhamisi iliyopita mmoja wa hao tunaowaita mbele aliniletea barua. Mistari miwili. "Mchungaji, Bwana aliniponya, huu ni mwaka wa saba. Naomba nisiitwe tena mbele, naomba niimbe tu." Nimeisoma barua ile nikakosa pa kuuficha uso wangu.

Ee! Naona shingo zimeanza kugeuka kule kwenye kwaya. Mnamtafuta nani? Mnataka mjue ni yupi ili mumfanyie nini? Hata sasa, jamani, hata baada ya kuwasimulia haya yote, mikono yetu imeshafika kwenye kitambaa! Tazameni huku kwangu. Wote. Na wewe pia, mzee wa kanisa.

Leo tunao wageni kutoka usharika wa jirani. Karibuni sana. Kwenye ratiba mliyopewa mlangoni kimeandikwa kipengele cha ushuhuda, nami nimekifuta. Mkiuhitaji sana, nitatoa wangu: mimi ni mchungaji niliyefunua vidonda vya kondoo zangu mbele ya watu, miaka mingi, nikaita kazi hiyo uinjilisti, na leo naomba msamaha kwao mmoja mmoja bila kuwataja.

Kwaya, simameni. Tuimbieni, nasi tutafumba macho.