Kunguni Katika Nyumba ya Mahujaji

Wametuhadithia waliotangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, kwamba katika nchi ya Shamu aliishi mcha Mungu mmoja, Nuumani bin Aswadi, aliyekuwa na nyumba ya kulaza wageni kwenye njia ya mahujaji. Kila mgeni alipovuka kizingiti, Nuumani alimpokea mzigo na kumwambia, "Umo katika amana yangu mpaka utoke." Maneno hayo hayakuwa mapambo. Kwa hukumu ya kadhi wa mji ule, mwenye nyumba aliyejua kuna dhara na asimwambie mgeni, nyumba yake ilifungwa msimu mzima.

Mwaka mmoja, misafara ikiwa inakaribia, kunguni waliingia katika vitanda vya kamba. Mkewe, Bi Rayhana, alimwambia wazi, "Bwana wangu, tuchome kamba zote, na mbao tuzimwagie maji ya moto. Tusipokee mtu mpaka tumalize."

"Na mahujaji watalala kwa nani?" akauliza Nuumani, kana kwamba Shamu nzima haina paa jingine. Akafukiza ubani vyumba vyote. Wageni wakaingia, wakaisifu harufu, wakamwombea dua. Walipoamka wakijikuna, aliwaambia ni joto la safari, akawakumbusha na fadhila za subira. Naona haya hata kulisimulia hili, maana mtu yule alikuwa haachi kufunga Jumatatu na Alhamisi.

Tangu hapo hakutulia. Akikaa anasimama, akisimama anatoka uani, akirudi hajui alichofuata. Hata ndani ya sala alikuwa akiziwaza kamba za vitanda.

Ndipo akaja Bi Unaisa, mjane aliyesokota sufu miaka mingi ili apate masurufu ya Hija, akifuatana na kaka yake. Asubuhi uso wake ulikuwa umevimba na mikono imejaa mabaka. Nuumani akamwambia kama alivyowaambia wenzake, "Subiri, bibi yangu. Huo ni mtihani wa Mola wako."

"Ahsante kwa kunikumbusha," akajibu kwa unyonge.

Msafara ulipokuwa ukifunga mizigo, Nuumani alipita karibu na chumba cha Bi Unaisa, akamsikia akilia juu ya mswala. "Ewe Mola wangu, nimekukosea nini hata unichape njiani nikija kwako? Kama hunitaki katika nyumba yako, basi narudi." Kisha akatoka, akamwambia kaka yake ageuze ngamia, kwa kuwa Hija yake imekataliwa.

Nuumani aliyasikia yote hayo. Akisema, nyumba itafungwa na jina lake litakwenda na maji. Akinyamaza, mwanamke huyu atarudi kwao akiamini kwamba Mola wake amemfukuza. Alikwenda mpaka langoni, akarudi, akaenda tena. Mwishowe akasimama mbele ya msafara mzima, akapaza sauti.

"Bi Unaisa, usirudi! Mola hajakukataa. Ni kunguni. Nilijua wamo vitandani, nikakuficha, nikafukiza ubani."

Zikaanza kelele, na wengine wakataka apelekwe kwa kadhi papo hapo. Nuumani akasema atakwenda mwenyewe. Bi Unaisa alikuwa ameketi chini, anacheka huku machozi yakimtoka.

"Kunguni! Alhamdulillahi, kumbe ni kunguni tu!"

"Nisamehe, bibi yangu," Nuumani akasema.

Bi Unaisa akajifuta uso, akapanda ngamia wake. "Kung'atwa nimekusamehe, tena kwa moyo mkunjufu. Lakini uliponiambia ni mtihani wa Mola, ulimsingizia Mwenyezi Mungu. Hilo kamwombe Yeye."

Kadhi aliifunga nyumba, na msimu ukapita bila mgeni. Nuumani na mkewe walizichoma kamba zote, na inasemekana alilia zaidi kwa maneno ya yule mjane kuliko kwa hasara aliyoipata.

Ndugu zangu, ni wangapi tumewahimiza wasubiri dhara ambalo sisi wenyewe ndio tuliowatandikia? Mwenyezi Mungu atujaalie ulimi wa kusema "ni mimi" kabla hatujawaambia wenzetu "subirini".