Anguko la Dada Tangawizi

Usimwangukie uliyemnunia.

Methali hii ni ya hapa kwetu Hedaru, wala haina umri mkubwa. Tulipoisikia sokoni tulicheka, tukamwendea Mama Naetwe, mshonaji, maana tuliambiwa yeye alikuwepo. Hakucheka. Alisimamisha cherehani akasema ilianza hivi.

Walikuwapo wasichana wawili, Nakijwa na Roda, mtu na binamu yake. Waliimba na kucheza, wakajiita Dada Tangawizi. Wimbo wao ulikuwa mmoja tu, lakini ulipopigwa redioni hata mtoto wa mgongoni alitikisa kichwa. Mwaka ule hapakuwa na harusi ya maana bila wao, na Mama Naetwe ndiye aliyewashonea nguo.

Watu walikuja kwa ajili ya anguko. Katikati ya wimbo Nakijwa alipanda juu ya meza, akampa Roda mgongo, akafumba macho. Muziki ulinyamaza. Roda alisogea nyuma yake, akakunjua mikono, akasema neno moja: "Niko." Hapo Nakijwa alijiachia chali kama nguo inayodondoka kambani, Roda akamdaka, na ukumbi ukalipuka kwa vigelegele.

Siku moja mtangazaji alimpigia Roda simu, wakaongea hewani. Akamuuliza, mwenzako kazi yake hasa ni ipi? Roda akataka kuchekesha. "Yeye? Anaanguka tu. Hata gunia linaanguka."

Nakijwa alikuwa kwa msusi, nusu ya kichwa imesukwa, redio imewashwa. Wanawake wote walicheka. Yeye alisema tu, "Malizia, dada, nina safari," na safari hakuwa nayo.

Tangu hapo wakanuniana. Na mnajua kununiana kwetu kulivyo: anayemsemesha mwenzake kwanza ndiye aliyeshindwa. Kila neno likawa linapitia kwa Mama Naetwe. "Mwambie huyo mtu wako tunavaa nyekundu." "Mwambie huyo wa redioni nimesikia." Mama Naetwe alijaribu kuwakalisha pamoja, kila mmoja akasema aanze mwenzake.

Ikafika harusi ya binti wa tajiri mmoja wa tangawizi. Nyuma ya pazia Mama Naetwe alikuwa akimbana Roda nguo kwa pini kiunoni.

"Roda mwanangu, lile neno utalisema?"

"Aniombe. Ana mdomo."

"Na asipoomba?"

"Atasimama mezani mpaka miguu iote mizizi. Nakijwa haanguki bila neno, mama. Namjua."

Mama Naetwe akamwendea Nakijwa, aliyekuwa akijipaka wanja.

"Leo hiyo meza iacheni. Chezeni tu, inatosha."

"Watu wamekuja kuona gunia."

"Nakijwa! Asiposema je?"

"Atasema. Ataona haya mbele za watu. Namjua."

Kila mmoja alimjua mwenzake, na hilo ndilo lililomtia Mama Naetwe hofu. Alitaka kwenda kuiondoa ile meza, lakini muziki ulikuwa umeshaanza.

Walicheza vizuri, meno yote nje. Nakijwa akapanda, akageuka, akafumba macho. Muziki ukanyamaza. Roda akasogea, akakunjua mikono, na mdomo akaufunga.

Watu wakangoja. Mmoja akapiga mluzi. "Vipi, gunia limegoma?" Kicheko kikapita ukumbini. Mama Naetwe aliyaona mabega ya Nakijwa yakikakamaa. Alimwona pia Roda akishusha mikono ajifute jasho machoni, maana alikuwa na hakika: bila neno, haanguki.

Nakijwa akajiachia.

Watu walidhani ndio mtindo mpya, wakapiga makofi. Roda alikuwa ameshapiga magoti pale sakafuni alipoangukia mwenzake.

"Niko! Niko, dada, niko hapa!"

Nakijwa akafumbua macho. "Sasa ndiyo unanisemesha?"

Nyonga ilivunjika. Roda ndiye aliyemwogesha, akamlisha, akamgeuza kitandani, na walipatana kuliko mwanzo. Lakini Dada Tangawizi ikaishia palepale. Wimbo nao ukaacha kupigwa. Hata leo Nakijwa akipita barabarani utamtambua kwa mwendo.

Alipokuwa bado kitandani, wanawake walikuja kumjulia hali. Mmoja akashindwa kujizuia.

"Mwenzetu, si mlikuwa hamsemeshani?"

"Tulikuwa hatusemeshani."

"Na hukusikia neno?"

"Sikusikia."

"Sasa ulijiachiaje?"

Nakijwa akamtazama Roda, aliyekuwa ameshika bakuli la uji.

"Wala mikono yake haikuwa na kasoro," akasema. "Angenidaka kama tungesemezana. Mimi nilitaka nimwaibishe, yeye alitaka nimwombe. Ninyi mkinuniana na mtu, shukeni kwanza mezani, msemezane. Usimwangukie uliyemnunia."