Mgonjwa wa Bwana Kifaru

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba zao wenyewe, Bwana Kifaru alitaka nyumba. Na si nyumba ya mchezo! Vyumba vinne, baraza mbele, baraza nyuma. Wewe uliyekaa kule mwisho, usianze kucheka, bado sijafika pa kuchekea.

Basi Kifaru akaita mafundi. Ngiri akachimba mashimo ya nguzo kwa meno yake, kwaru, kwaru! Punda akabeba boriti. Mbuzi akakanyaga udongo, chwapu, chwapu, akakandika kuta. Na kule juu ya paa, kamba mdomoni, alikuwa Kindi, fundi wa kuezeka. Alikuwa mdogo wa kuingia ndani ya kata ya maji, lakini fundo alilofunga yeye hata Tembo alikuwa halifungui.

Nyapara alikuwa Fisi. Kazi yake ilikuwa kuizunguka nyumba akisema, "Haya, haya, haya!" Udongo hakuugusa hata siku moja.

Walipatana hivi: kila jioni, kila fundi ataondoka na mzigo mmoja wa makuti, akaezeke kwake. Mafundi walifurahi sana, maana masika yalikuwa yanakaribia. Nyasi za kuezekea zilikuwa zimeungua zote kiangazi kile, na makuti yaliyosukwa nchi nzima alikuwa ameyanunua Kifaru.

Aliyeyahitaji kuliko wote alikuwa Ngiri. Mkewe alikuwa amejifungua watoto sita, wekundu, hawajafungua hata macho, na nyumba yao ilikuwa kuta tupu. Ukiwa ndani unamwona mwewe anavyopita juu.

Siku ya kwanza mafundi wakapata mzigo mmoja mmoja. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu, nusu mzigo. Siku ya nne Fisi alikuja mikono mitupu, kajitia huzuni usoni.

"Poleni, jamani. Makuti yameadimika. Yaliyobaki ni ya paa la Bwana mkubwa tu."

"Na ujira wetu?" akauliza Punda.

"Ujira upo. Ila haupo leo."

"Upo wapi?"

"Upo njiani."

Mafundi wakamwendea Kifaru mwenyewe. Kifaru alikuwa haoni vizuri, akamtazama Punda akidhani ni Mbuzi, akamwambia, "Mbuzi, mwanangu, unafikiri mimi sioni uchungu? Makuti hakuna. Na msipige kelele hapa. Chumba cha nyuma yumo mama mkwe wangu, anaumwa sana. Asigonge mtu, asichungulie mtu!"

Lo! Waliposikia kuna mama mkwe ndani, wote wakashusha sauti. Mkwe wa mtu ni mkwe wa mtu. Walikuwa mafundi waliolelewa. Wakaondoka kwa kunyata, hata Punda na kwato zake zile. Tena kesho yake Mama Ngiri, na njaa yake ya uzazi, akapika uji akampelekea mgonjwa. Akafanya hivyo kila siku, asubuhi, mchana na jioni. Kifaru alilipokea bakuli mlangoni, na bakuli lilirudi limerambwa likang'aa.

Mchana mmoja mafundi walikaa penye shimo la udongo wakipumzika. Punda akasema, "Mimi naona tuunde chama. Tukiwa na neno, tuliseme sote kwa pamoja."

"Mee! Chama!" Mbuzi akaruka. "Chama cha nini? Babu yangu aliingia chama, mpaka leo hajulikani alipo."

"Babu yako aliliwa na chui."

"Ndiyo, lakini alikuwa kwenye chama!"

Ngiri akaguna. "Mimi sitaki chama wala sitaki ugomvi. Nataka paa. Mkigombana na Bwana Kifaru akatufukuza, wanangu nitawafunika na nini? Na masikio yangu?"

"Sasa hivi unawafunika na nini?" akauliza Kindi.

Ngiri akatazama chini.

Sasa nyuma ya ukuta Fisi alikuwa ametega sikio. Akaanza kuwaita mmoja mmoja. "Punda, hebu njoo pembeni kidogo." Akamnong'oneza, "Wewe si wa kukaa na hawa. Bwana mkubwa anatafuta nyapara wa pili, na jicho lake liko kwako. Usijiunge na chochote. Na usimwambie mtu!" Alipomaliza akasema, "Mbuzi, hebu njoo pembeni kidogo."

Kesho yake habari ya chama haikutajwa. Lakini Kindi, kule juu ya paa, akaona vioja. Punda hakubeba boriti. Alisimama kifua mbele akimwambia Mbuzi, "Haya, haya, haya!" Mbuzi naye akamgeukia Ngiri, "Haya, haya!" Ngiri naye aliufokea mti, "Haya!" maana hakubaki mtu wa kumfokea.

Kindi akateremka, chirrr! akatua katikati yao.

"Jamani, naomba kuuliza. Kuna mtu hapa kaahidiwa unyapara?"

Kila mmoja akatazama kwato zake.

"Nauliza kwa sababu hata mimi nimeahidiwa."

"Wewe?" Punda akashtuka. "Si mimi?"

"Mee! Kaniambia ni mimi!"

"Na mimi," akasema Ngiri kwa sauti ndogo. "Nilikuwa nimeshamwambia mke wangu."

Wakatazamana. Mbuzi akawaza, akawaza, kisha akauliza, "Sasa tukiwa manyapara wote, udongo atakanyaga nani?"

Hapo ndipo pa kuchekea, haya chekeni! Wao wenyewe walicheka mpaka Punda akakaa chini. Lakini Ngiri hakucheka. Alikuwa anatazama upande wa mashariki, ambako wingu jeusi lilikuwa limeanza kusimama. Machozi yakamtoka. "Wanangu watalowa," alisema. "Nimejenga nyumba ya vyumba vinne, na wanangu watalowa."

Kicheko kikakatika. Punda akasema, "Basi leo chama. Nani hataki?"

"Mimi nataka," akasema Mbuzi. "Lakini babu yangu msimseme tena."

Kindi akakuna shavu. "Kuna jambo linanisumbua. Mgonjwa gani huyu hakohoi, hagumii, hatoki hata kuota jua, lakini uji anamaliza? Na jana Bwana Kifaru alikuwa na uji kwenye pembe."

"Tuvunje mlango!" akasema Punda.

"Ati nini?" akasema Kindi. "Tuvunje chumba cha mkwe wa mtu? Kesho tutatazama wapi? Mgonjwa havunjiwi mlango, mgonjwa hupewa pole. Nipeni asubuhi moja tu. Fisi akiniulizia, msimwambie kuwa sipo."

Alfajiri Kindi hakuonekana. Fisi akaja na "haya, haya" yake. "Kindi yuko wapi?"

"Upande wa nyuma," akasema Punda bila kugeuka.

Fisi akaenda nyuma. "Mbuzi, Kindi yuko wapi?"

"Mee, sasa hivi katoka hapa! Kaenda ubavuni."

Fisi akakimbia ubavuni. "Ngiri! Kindi?"

"Hamkupishana? Kaja mbele."

Fisi akaizunguka nyumba mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mara ya tano akakaa kwenye udongo mbichi, pwata! ulimi nje. Hiyo ndiyo siku ya kwanza Fisi kugusa udongo.

Jua lilipofika utosini wakasikia kishindo njiani. Gudu! Gudu! Gudu! Akatokea kifaru jike mzee, mpana kama mlango wa ghala, kanga kiunoni, mchi wa kutwangia begani. Na juu ya mchi, kaketi kwa adabu, alikuwa Kindi.

"Hodi hapa!"

Kifaru akatoka ndani anafikinya macho. "Nani?"

"Mgonjwa wako!"

Kifaru akaisikia sauti ile. Hapo hapo akainamisha kichwa na kujibanza pembeni mwa mlango, maana mkwe hatazamwi usoni. "Shi... shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe wangu. Nipo kwangu natwanga mtama, namwona huyu mtoto wa watu kanijia na majani ya dawa. Ananiambia, pole bibi, tumesikia uko kwa mkweo hujiwezi. Nikamwambia, mimi? Akaniambia, ndiyo, ila tunashukuru Mungu, uji unakula bakuli tatu kwa siku. Bakuli tatu! Nikasema lazima nije nijione mwenyewe. Haya, nionyesheni kitanda changu, nasikia nimezidiwa."

"Mama, chumba hakijafagiliwa..."

"Nitafagia."

"Mama, ufunguo..."

"Ufunguo huu hapa." Akautua mchi begani, akausogelea mlango.

Je, Kifaru angeweza kumzuia? Angempigia kelele? Mama wa mke wake? Alibaki ameinama, jasho linamtiririka. Mchi ukagonga mara moja tu, ngo! Mlango ukaachia, na makuti yakaporomoka, poroooo! Makuti chini mpaka darini, mizigo kwa mizigo. Mama mkwe alifunikwa mpaka shingoni.

Mama Ngiri alikuwa amefika na bakuli la mchana. Akaliweka chini taratibu. "Kumbe nilikuwa nayapikia makuti," akasema.

Kifaru akababaika. "Ni... ni akiba tu."

"Akiba ya masika!" akasema Kindi. "Mvua itunyeshee kwanza, tulowe, tuje kukupigia magoti tufanye kazi mwezi mzima kwa mzigo mmoja. Sivyo, mzee?"

Kifaru angekanaje, na makuti yako miguuni pake?

Lakini Fisi alikuwa bado hajachoka. Akamsogelea Ngiri, akanong'ona, "Wewe chukua mizigo kumi sasa hivi, uondoke. Wenzako waache na maneno yao. Wafikirie wanao."

Hapa, watoto, msicheke. Ngiri alitazama yale makuti. Mizigo kumi ingetosha nyumba yake yote. Wingu lilikuwa limeshafika juu ya mlima na ngurumo ya kwanza ilikuwa imeanza, ngurrr! Mkewe alikuwa anamtazama. Kuchukua tu na kuondoka, basi.

Ngiri akavuta pumzi. Akasema kwa sauti kubwa, mpaka mama mkwe akasikia, "Sema tena, Fisi. Sema mbele ya wote hawa."

Fisi akarudi nyuma hatua moja.

"Kama huwezi kulisema mbele yao, mimi silitaki," akasema Ngiri.

Punda akaja akasimama kando yake. Mbuzi akaja. Kindi akaruka akakaa juu ya kichwa cha Punda. Wakaketi wote chini, puu!

"Bwana Kifaru," akasema Punda, "baraza zako mbili bado hazina paa, na wewe kufunga fundo hujui. Utupe makuti yetu yote leo. Na kuanzia leo, ukiwa na neno la kazi au la ujira, utatuita sote. Hakuna tena habari ya pembeni."

"Nitazungumza na mmoja mmoja!" akafoka Kifaru.

"Aka!" wakajibu wote wanne.

Ngurumo ikapiga tena. Mama mkwe, shingo nje ya makuti, akasema, "Mkwe wangu, mimi nimekuja kuumwa. Nitaumwa hapa hapa mpaka mafundi hawa watakaporidhika. Na uji wangu unajua, bakuli tatu. Utapika wewe."

Kifaru akaziona siku zilizo mbele yake, zote ameinama, mwiko mkononi. "Chukueni!" akalia. "Chukueni jamani, chukueni!"

Walibeba mbio mbio. Kwa nani kwanza? Wala hawakujadili, kwa Ngiri. Punda alibeba, Mbuzi akapokea, Ngiri akasimamisha fito, na Kindi alifunga, akafunga, akafunga, mikono haionekani. Hata mama mkwe alisaidia kupitisha makuti, huku akisema yeye ni mgonjwa wasimchoshe. Fisi alipita mbali akaanza, "Haya, ha..." Akaambiwa, "Beba!" Akabeba.

Fundo la mwisho lilipofungwa, tone la kwanza likaanguka. Kisha mvua ikamwagika, shaaaaa!

Waliingia wote ndani wakabanana. Ngiri alikaa katikati ya wanawe akiangalia juu, akisubiri, kama mtu asiyeamini. Dari ilikuwa kavu. Mtoto mmoja akapiga chafya, akageuka upande wa pili, akaendelea kulala.

"Mke wangu," akasema Ngiri, "unyapara nimeukosa."

"Afadhali," akasema Mama Ngiri, na akamsogezea bakuli la uji.

Basi, wanangu, anayekuita pembeni akupe peke yako, mwambie alete neno lake mbele ya wenzako.