Kidole cha Bibi Naetwe

Asiyeshuka baiskeli hujibiwa kwa kidole. Mlimsikia mama yenu mdogo akimwambia hivyo yule kijana aliyeulizia nyumba ya kina Mmbaga huku pikipiki yake ikinguruma, mkacheka. Sasa mnataka kujua maneno hayo yalitoka wapi. Sogeeni basi. Si ya kale sana, na wapo walio hai ambao walikuwapo. Mwanzo wake ulikuwa huu.

Kabla simu hazijapanda milima yetu ya Upare, walikuwapo walimu vijana wa shule za tambarare waliopenda sana baiskeli. Kila likizo ya Juni walifunga mizigo kwenye keria, wakapanda milimani, wakapita bonde hadi bonde na kulala pale walipopokewa. Hawakuwa wakishindana na mtu. Kiongozi wao, mwalimu Kiangi, alikuwa mtu mpole mwenye kitambi, na alipenda kusema kwamba mlima hupandwa kwa pumzi, si kwa miguu.

Mwaka mmoja alijiunga nao mwalimu Nakijwa, binti wa mzee Mchome. Wenzake walikwenda kutembea. Yeye alikwenda kutafuta. Kaka yake, Sekiete, alikuwa amegombana na baba yao kwa jambo dogo la shamba. Maneno yakawa makali, kijana akabeba nguo zake akapotelea milimani. Miaka ikapita. Sasa mzee alikuwa kitandani, na kila jioni aliuliza lile lile: "Sekiete hajaja?"

Nakijwa alipokwenda kumuaga, mzee alimshika mkono.

"Mwambie sina kinyongo," akasema. "Mwambie aje tu."

Tangu siku hiyo binti hakukalika. Wenzake walipoamka, walimkuta ameshafunga mzigo. Waliposimama kuangalia maporomoko ya maji, yeye aliangalia barabara. Kwenye miteremko aliachia breki mpaka mwalimu Kiangi akafumba macho kwa hofu, na kwenye vilima alisukuma baiskeli akihema, hataki kupumzika. Kila akifikiria kitanda cha baba yake, miguu ilitaka kwenda.

Mji wa kwanza uliowapokea uliitwa Mrindi. Watu walitoka madukani wakawazunguka, wakawatolea viti, makande, ndizi za kuchemsha na chai ya tangawizi iliyowasha koo. Walimu wakashuka, wakanawa, wakakaa. Nakijwa alisimama na baiskeli yake, mguu mmoja chini, mwingine kwenye pedali.

"Samahani," akamwambia baba aliyekuwa akimimina chai. "Mnamfahamu mtu anayeitwa Sekiete Mchome? Mrefu, ana kovu kidevuni."

Yule baba alimtazama mwenzake, kisha akamtazama yeye.

"Shuka kwanza, mwalimu. Unywe chai."

"Nashukuru, nitakunywa tukirudi. Mnamfahamu?"

Yule baba akaiweka birika chini polepole. Akanyoosha kidole upande wa mabonde. "Waulize wa Vurenga," akasema.

Moyo wa Nakijwa uliruka kwa furaha. Kumbe kaka anajulikana! Usiku ule hakulala vizuri, na kesho yake aliwahimiza wenzake hadi wakachoka naye. Walipofika Kighanda, mji uliofuata, wanawake walikuja na mikungu ya ndizi mbivu. Akauliza tena bila kushuka, na mama mmoja akamshika usukani.

"Binti yangu, jua kali. Kaa kidogo kivulini, tuongee."

"Mama, nina haraka. Ni Vurenga kweli?"

Yule mama akauachia usukani. Akaonyesha barabara kwa kidole.

Moyoni Nakijwa aliona kwamba watu wa milimani ni wakarimu, ila ukarimu wao unachelewesha. Hakumngoja mwalimu Kiangi wala mwingine. Akakanyaga pedali peke yake, akavuka daraja la mbao, akapanda kona baada ya kona, mpaka akaziona bati za Vurenga.

Kwenye nyumba ya kwanza alikaa bibi mmoja barazani akichambua maharage. Jina lake Naetwe.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Shuka ukae."

"Sina nafasi ya kukaa, bibi. Namtafuta Sekiete Mchome. Nimeambiwa yuko hapa."

Bibi Naetwe aliacha kuchambua. "Wewe ni nani wake?"

"Dada yake."

"Basi shuka, mama," bibi akasema kwa sauti ya chini. "Nakuomba."

"Nionyeshe njia tu, bibi. Baba yetu anamngoja."

Bibi aliitazama miguu yake, mmoja chini, mwingine kwenye pedali. Akainua mkono, akanyoosha kidole mlimani.

"Kule juu. Kando ya kanisa."

Nakijwa akaondoka. Alilipita kanisa, akaipita misalaba iliyokuwa kando yake bila kuigeuzia macho, maana aliyekuwa akimtafuta ni mtu wa kukaa nyumbani. Akaendelea mpaka njia ikaingia msituni na nyumba zikaisha. Akageuka, akateremka kwa hasira.

Alipofika kwa bibi, alikuta wenzake wameshafika. Walikuwa wamekaa kwenye mikeka. Mwalimu Kiangi alikuwa amevua kofia.

"Bibi, umenidanganya," Nakijwa akasema. "Kule hakuna nyumba."

"Sikukuambia nyumba, mwanangu."

Hapo akaona jinsi wenzake walivyoinamisha vichwa. Akaikaza mikono kwenye usukani.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje?" bibi akajibu. "Msiba hauambiwi mtu aliye safarini. Huambiwa aliyekaa, ameshikwa mkono. Kila ulipopita walikuomba ushuke, maana walimzika nasi na waliogopa kukutupia neno zito ukaondoka nalo peke yako. Asiyeshuka baiskeli hujibiwa kwa kidole."

Nakijwa akashuka. Baiskeli ikaanguka, hakuna aliyeiokota. Bibi akamkalisha ubavuni pake, akamshika mkono, na hapo ndipo alipoambiwa yote: jinsi kilima kilivyoporomoka wakati wa masika juu ya nyumba ya jirani, jinsi Sekiete alivyowatoa watoto wawili akarudi kumfuata mama yao, udongo ukashuka mara ya pili. Walikuwa wamemuuliza mara nyingi kwao ni wapi, naye akawajibu kwao ni pale pale.

Majirani wakaja. Huyu alimweleza jinsi kaka yake alivyoimba kwaya kwa sauti mbaya, yule jinsi alivyowachekesha wagonjwa. Walimu walikuwa wamepanga kuvuka mlima siku hiyo. Mwalimu Kiangi akasema hakuna anayevuka. Jua lilipopoa wakapanda wote kwa miguu hadi kando ya kanisa.

Nakijwa aliporudi nyumbani, njia nzima jibu lilimwasha mdomoni, akitamani kulitema na kulimaliza. Aliegemeza baiskeli ukutani akaingia. Mzee akafumbua macho.

"Sekiete hajaja?"

Binti alivuta kigoda, akakaa karibu na kitanda, akamwomba mama yake naye aje akae. Akachukua mkono wa baba akaufumbata katika mikono yake miwili. Mzee alimtazama muda mrefu, huyu mtoto ambaye tangu augue hakuwahi kumwona amekaa. Macho yakamjaa maji kabla neno halijasemwa.

"Haya, mwanangu," akasema. "Niambie yote. Usiruke kitu."

Akamwambia yote. Mzee alilia, lakini alilia ameshikwa mkono, na alipokwisha kulia akataka aelezwe tena habari za wale watoto wawili.

Walimu ndio walioyateremsha maneno ya Bibi Naetwe tambarare, na leo mnayatumia kumcheka mwenye haraka. Mcheke, si vibaya. Ila mtu akikuambia, "Shuka kwanza, ukae," usidhani anakuchelewesha; huenda analo neno ambalo hawezi kukupa ukiwa umesimama. Asiyeshuka baiskeli hujibiwa kwa kidole.