Mstaafu Hufuatwa

Sogeeni, nafasi ipo. Na kama kati yenu kuna mwalimu wa chuo kikuu, asinikasirikie. Nami nimesomeshwa na hao hao, ndiyo maana uso huniungua kila ninapoisimulia hadithi hii. Isikilizeni mpaka mwisho, ingawa mwisho wenyewe sina. Huo mtanipa ninyi.

Palikuwa na chuo kikuu kilichojengwa mgongoni mwa kilima. Katika chuo hicho palikuwa na Idara ya Jiografia, na katika idara hiyo palikuwa na walimu watatu, wote wamefundishwa na mama mmoja.

Wa kwanza, Dakta Ambakisye Mwaijande, mkuu wa idara, alijaliwa ulimi. Wanafunzi wakigoma, alisimama mbele yao akazungumza, nao wakarudi darasani wakidhani wazo la kurudi ni lao wenyewe.

Wa pili, Dakta Nakiete Mshana, alijaliwa subira. Walipokwenda utafiti vijijini, wenzake wakikataliwa na wenye nyumba walirudi garini kununa. Yeye aliketi kizingitini, akaomba ungo, akachambua maharage na wenyeji mpaka wakaanza kuzungumza wenyewe.

Wa tatu, Profesa Kokushubila Rugaimukamu, alijaliwa nyota. Vitabu vyake vilisomwa mbali, wanafunzi wake walifaulu, na mwaka huo alikuwa amepanda kuwa profesa kamili, wa kwanza katika ukoo wao. Wivu ulikuwepo, nisiwadanganye, lakini alikuwa mtu mwema, hivyo wivu haukupata pa kukaa.

Na mama aliyewafundisha wote watatu ni Profesa Mwantumu Semkiwa. Chuo kizima kilimwita Mama Semkiwa. Alifundisha mpaka nywele zikawa nyeupe, na sasa alikuwa anastaafu.

Chuo kile kilikuwa na siku yake ya pongezi na kuagana, na siku hiyo ilikuwa na desturi zake. Mstaafu haji ukumbini mwenyewe. Hukaa nyumbani amevaa, akasubiri, na wenzake wa idara humfuata kwa matarumbeta na nyimbo kama bibi harusi. Anayejipeleka huhesabiwa kwamba amejifukuza. Akishaketi katika kiti chake cha mapambo, yeye ndiye hulishwa kwanza nyama ya ndafu, yule mbuzi mzima anayechomwa kwa ajili ya sherehe. Na mwishoni kabisa mstaafu huvua joho lake na kumvisha mwenzake mmoja wa idara anayemwona amestahili. Aliyevishwa ndiye hutangulia maandamano ya mahafali, na chuoni pale hapakuwa na heshima kubwa kuliko hiyo. Wote watatu walilitamani joho la Mama Semkiwa, na kila mmoja alijifanya halitamani.

Nyumba ya Mama Semkiwa ilikuwa mteremkoni, chini kidogo ya ukumbi. Ukisimama dirishani mwa ukumbi unaiona baraza yake, na ungeweza kwenda na kurudi kabla chai yako haijapoa. Siku ilipofika, Mama alioga mapema, akavaa gauni la kitenge cha sare, akalikunja joho lake jekundu, akalipakata, akaketi barazani kusubiri.

Huko ukumbini, siku hiyo palikuwa na mambo mawili: kumpongeza Kokushubila na kumuaga Mama Semkiwa. Mwaijande alikwenda kumpokea mgeni rasmi, mkubwa mmoja wa utawala, akiamini kwamba Nakiete amekwisha kumfuata Mama. Nakiete alikuwa anapanga viti. Aliliona gari la Mwaijande likitoka, akajisemea kwamba mkuu wa idara kaenda mwenyewe kumleta Mama, na ndivyo inavyopasa. Kokushubila alikuwa akifungwa kilemba na shangazi zake waliotoka Muleba, naye alijua kwamba anayepongezwa hatumwi. Matarumbeta yakampigia mgeni rasmi. Basi watu watatu wanaojua vyanzo vya mito ya mabara yote wakashindwa na mteremko mmoja.

Mpaka hapo ni bahati mbaya tu, nami ningewasamehe. Kilichofuata ndicho kinachoniunguza. Mgeni rasmi alisema ana haraka, na ratiba ikabanwa. Mshereheshaji akauliza mstaafu yuko wapi, akaambiwa yuko njiani. Ndafu akakatwa, na pande la kwanza akalishwa mgeni rasmi, kwa niaba ya mstaafu. Risala ya kumuaga ikasomwa mbele ya kiti kitupu chenye maua. Zawadi ikatolewa, Mwaijande akaipokea kwa niaba ya mstaafu, na akashukuru kwa maneno matamu mpaka kina mama wakajifuta machozi. Hakuna aliyeona ajabu, kwa sababu pale chuoni mambo mengi hufanyika kwa niaba. Ungewaambia kwamba wameacha mbachao kwa msala upitao, wangekudai marejeo.

Na spika, jamani, zilikuwa kubwa, na zilielekea mteremkoni. Mama Semkiwa akiwa barazani alisikia jina lake likitajwa. Akasikia watu wakiombwa wasimame kwa heshima yake, na akasikia viti vikisogea. Akajisikia akishukuru kwa kinywa cha mwanafunzi wake. Hakuondoka pale, kwa sababu desturi ni desturi na mtu mzima hajipeleki.

Aliyegundua ni Kokushubila. Alipoitwa mbele kupongezwa alipita dirishani, akatupa jicho chini, akamwona Mama amelishika joho kwa mikono miwili. Akasimama. Nakiete akaja, akafuata macho yake. Mwaijande akaja na zawadi mkononi kuuliza kulikoni, naye akaona.

"Hakuna aliyemfuata," Kokushubila alisema polepole.

Wakatazamana. Kila mmoja alitaka kusema kwamba hiyo ilikuwa kazi ya mwenzake, na kila mmoja aliona aibu kulitoa neno lile kinywani. Wakiwa bado wanatazamana, Mama Semkiwa aliinuka, akaingia ndani, akafunga mlango.

Sikilizeni sasa alichofanya kila mmoja, maana hapa ndipo penye kazi yenu.

Mwaijande alirudi jukwaani. Mgeni rasmi alikuwa amekwisha simama, na watu walikuwa wanatafuta mikoba yao, kwa kuwa wameshiba. Mwaijande alikuwa anatazamiwa kuwa mkuu wa kitivo, na mwenye neno la mwisho katika jambo hilo alikuwa mgeni huyo huyo. Ulimi wake ulikwisha mtengenezea uongo laini, kwamba Mama amepatwa na dharura. Akaumeza. Akashika kipaza sauti, akasema bila pambo lolote, "Mama Semkiwa hakuchelewa. Hatukumfuata. Mimi ndiye mkuu wa idara, na nimepokea zawadi yake naye akinisikia. Naomba mtu asiondoke." Mgeni rasmi akarudi kitini akitazama sahani yake, na hakuna aliyetoka. Ukuu wa kitivo ulimpita Mwaijande siku ile, naye alijua tangu alipofungua mdomo.

Nakiete aliteremka kwa Mama. Alibisha hodi, hakujibiwa. Akatoa shikamoo kupitia mlangoni, shikamoo ikabaki pale pale. Akaketi kizingitini na kitenge chake kipya, juani.

Baada ya muda sauti ikatoka ndani. "Nendeni zenu. Si mmekwisha niaga? Nimesikia."

Nakiete hakujitetea. Mama akaanza kumsema. Akamkumbusha nani aliyeisoma tasnifu yake mara tatu wakati wengine wameikataa. Akamkumbusha kwamba alipofiwa na mumewe, yeye Mama, na magoti yake mabovu, alilala chini matangani mpaka tanga likaanuliwa. Yote yalikuwa kweli, na mtu akisemwa kwa kweli hana pa kujificha. Wapita njia walisimama kusikiliza, na baadhi yao walikuwa wanafunzi wa Nakiete mwenyewe. Yeye aliinamisha kichwa tu, akaitikia kila neno.

Mwishowe Mama akauliza, "Hujamaliza kukaa?"

"Sijamaliza, Mama."

Mlango ukafunguka.

Naye Kokushubila alitazama ukumbi, akaona mifupa na sahani chafu. Kumleta Mama kwenye makombo ni kumtukana mara ya pili. Lakini ukoo wake ulikuwa umemletea ndafu wao wenyewe, bado amefunikwa, na mama yake mzazi, mzee sana, alikuwa amesafiri kwa tabu ili aone mwanawe akishangiliwa. Tena chuo kile hakimpongezi mtu mara mbili: siku yako ikipita, imepita. Kokushubila akavua kilemba na shada la maua. Akamwambia mshereheshaji alifute jina lake, leo ni siku ya Mama Semkiwa peke yake. Meza zikafutwa, na ndafu wake akawekwa mbele ya kile kiti kitupu.

Mama yake akamuuliza, "Mwanangu, basi mimi nimefuata nini huku?"

Kokushubila alipiga magoti akaomba radhi. Mzee akaenda kuketi nyuma kabisa, mkoba wake mapajani.

Matarumbeta yakateremka mteremkoni, na ukumbi wote nyuma yake, mgeni rasmi akiwemo. Mama Semkiwa akaletwa, akaketi, akalishwa. Waliimba, lakini walikuwa wanaimba wakitazama vidole vya miguu yao. Mimi sijaona sherehe iliyojaa watu namna ile ikakosa hata mtu mmoja wa kuinua uso.

Sasa pimeni. Bila Mwaijande, Mama angeletwa kwenye ukumbi usio na watu, na shughuli ni watu. Bila Nakiete, watu wangebaki na kiti chenye maua. Bila Kokushubila, Mama na watu wangekutana mbele ya mifupa.

Ikafika zamu ya joho. Mama Semkiwa, ambaye alikuwa amelivaa alipokuwa akiletwa, alisimama na kulivua. Watatu wakaja mbele yake na vichwa vyao vimeinama. Minong'ono ikaanza. Upande mmoja walisema apewe Mwaijande, kwa kuwa ukweli ndio uliofungua njia, na ameulipia kwa cheo. Wengine wakawajibu kwamba ndiye aliyepokea zawadi isiyo yake, na kosa la idara ni la mkuu wake. Waliomtaka Nakiete walisema kwamba bila yeye mlango usingefunguka, wakaulizwa yeye kapoteza nini, kwa kuwa kusemwa hakumpunguzii mtu cheo. Wakajibu kwamba anayeuliza hivyo hajawahi kusemwa na mama yake mbele ya wanafunzi wake. Wengi wa kina mama walikuwa kwa Kokushubila, mpaka mmoja wao akauliza ni haki gani mtu kulipa deni la aibu yake kwa furaha ya mama mzazi.

Ndipo shangazi mmoja wa Muleba, ambaye hakusoma jiografia wala chochote, akauliza kwa sauti, "Hivi aliyemwaga maji akayakausha mwenyewe, huko kwenu hupewa zawadi ya kukausha?"

Mwaijande akarudi nyuma hatua moja. Nakiete naye akarudi, na Kokushubila akarudi. Hakuna aliyetaka bega lake liwe la karibu.

Mama Semkiwa aliwatazama sana. Wengine walidhani atawasamehe, wengine walidhani atawalaani. Hakufanya lolote kati ya hayo.

"Nimewasahihisha maisha yenu yote," alisema. "Hili sisahihishi. Amueni ninyi. Mkishakubaliana, mnifuate. Nitakuwa nimevaa."

Akalilaza joho juu ya kiti cha mapambo, akamwamkia mama mzazi wa Kokushubila kule nyuma, akamshika mkono, wakatoka pamoja kwa miguu. Hakuna aliyethubutu kuwasindikiza.

Idara ikakaa kikao. Kikao kikaunda kamati, na kamati ikaunda kamati ndogo. Mwaijande husema apewe Nakiete, Nakiete husema apewe Kokushubila, na Kokushubila husema apewe Mwaijande, na wageni wakisikia hivyo husifu unyenyekevu wao. Mimi siusifu. Nadhani wanaogopa tu ule mteremko. Maua ya kiti yamekauka, joho liko pale pale, na siku ya mahafali maandamano hupita yameacha nafasi mbele ambapo mtu angetangulia.

Ukipita dirisha la ukumbi ule, tazama chini. Mama Semkiwa yuko barazani na kitenge chake cha sare, na kila akisikia tarumbeta huinua kichwa.

Je, wewe ungemvisha nani? Mwaijande aliyesema, Nakiete aliyekaa, Kokushubila aliyetoa, au hakuna hata mmoja? Bishaneni mtakavyo, lakini msikae sana kama wale wasomi. Mama amevaa, anasubiri.