Mkate wa Radhia

Kwa ndugu mkate haupoi njiani, hupoa mlangoni. Ndiyo methali mliyoisikia sasa hivi, nilipomrushia Idrisi aliposema shangazi yake anakaa mbali, atakwenda kumwona wiki ijayo. Nyinyi mmecheka, yeye amenuna, kisha mkaniuliza methali hiyo imetoka wapi. Basi kaeni vizuri. Imetoka humu humu mjini Fesi, mtaa wa tatu kutoka hapa, nami nitaisimulia kama nilivyoipokea kwa wakubwa wangu.

Alikuwapo mwanamke akiitwa Ghita, mshona kanzu, aliyekaa karibu na chemchemi ya maseremala. Alikuwa na ndugu mmoja tu duniani, mdogo wake Radhia, aliyeolewa na mfua shaba na kukaa ng'ambo ya mto. Ukitoka kwenye chemchemi unapita soko la viungo, unazunguka ukuta wa msikiti mkuu, unateremkia uwanja wa wafua shaba, unafuata kijia cha watia rangi, ambako maji ya mtaro huwa mekundu leo na kesho kijani, unavuka daraja, na mlango wa Radhia huo. Hata punda mwenye mzigo hafiki hapo akihema. Lakini Ghita alikuwa hajaipita njia hiyo mpaka mwisho kwa miaka tisa.

Dada hao waligombana kwenye arobaini ya mama yao, na waligombania kipande cha mbao. Wakati huo kila nyumba ilikanda mkate wake na kuupeleka kuokwa kwenye tanuri la mtaa. Ili mikate ya watu isichanganyike, kila nyumba ilikuwa na muhuri wake wa mbao wa kugonga juu ya donge. Muhuri wa mama yao ulichongwa nyota ya pembe saba. Ghita alisema muhuri ni haki ya mkubwa. Radhia, aliyemuuguza mama mpaka pumzi ya mwisho, alisema mama alimtia muhuri huo mkononi kwa mkono wake mwenyewe. Neno likazaa neno.

"Mlango wako sitaukanyaga tena," alisema Ghita.

"Nami wako sitaugonga," alijibu Radhia, "wallahi sitaugonga."

Walikuwa watoto wa tumbo moja, na ukaidi wao ulikuwa mmoja.

Ila hakuna hata mmoja wao aliyekubali kuliacha tanuri alilolitumia mama. Lilikuwa pale uwanja wa wafua shaba, na mwokaji wake alikuwa mzee aliyeitwa Ba Alali. Asubuhi mume wa Radhia alipokwenda kiwandani kwake alipitisha ubao wa mikate ya nyumbani kwake. Ghita naye alipeleka wa kwake, mikate aliyoitia alama kwa kuibonyeza vidole vitatu, maana muhuri hakuwa nao. Adhuhuri alipokwenda kuichukua, ile nyota ya mama ilikuwa juu ya rafu ikimtazama.

Kwa hiyo mikate ikawa ndiyo barua zake. Mikate ikiwa midogo, alijua kazi ya shaba imelala. Ikinukia anisi, alijua kuna wageni. Siku moja aliona nyota imegongwa kombo kwenye mikate yote, akajua imegongwa na mkono mwingine, na kwamba Radhia amejifungua. Alirudi nyumbani akashona kanzu ndogo ya mtoto, akaikunja, akaiweka sandukuni. Mtoto akakua, kanzu ikabaki sandukuni. Alimtamani mdogo wake, wanangu, alimtamani kwa namna ya kuumiza. Akinywa chai peke yake alimimina gilasi mbili, kisha akajicheka na kuimwaga moja.

"Kesho nitakwenda," alijiambia kila siku. Lakini kesho ilikuwa na jua kali, au matope, au kanzu ya bibi harusi haijaisha. Na zaidi ya yote alisema ni mbali. Alilisema neno hilo mpaka akaliamini.

Mwaka wa tisa, siku ya Jumatatu, alipofika kuchukua mikate yake minne alikuta mitano kwenye ubao. Wa tano ulikuwa na nyota.

"Ba Alali, leo umechanganya," alisema. "Huu si wangu."

Ba Alali aligeuka akachochea moto wake. Sasa mjue jambo moja kuhusu waokaji wa mji huu. Mwokaji anajua nani kapika kingi na nani kalala na njaa, nyumba ipi ina sherehe na ipi ina mgonjwa. Kwa sababu hiyo ni mwiko kwake kubeba maneno ya nyumba moja hadi nyingine. Angebeba, mji ungewaka kuliko tanuri lake. Ghita aliurudisha mkate kwenye rafu, akaondoka upesi.

Jumanne alikuta mitano tena.

"Macho yako yamechoka, Ba Alali."

"Labda," alisema mzee. "Miaka arobaini sijampa mtu mkate usio wake. Lakini labda."

Safari hii Ghita aliuchukua. Aliufunga kwa kitambaa, akaenda nao nyumbani, akaupakata. Alipitisha kidole kwenye pembe za ile nyota, moja moja, mpaka ya saba. Mkate wa mtu si wa kula bila idhini, alijisemea, itabidi niupeleke. Moyo ulimruka kwa furaha, maana hatimaye alipata kisingizio. Akainuka, akavaa jilaba, joho lake la kutokea, akafika mlangoni. Hapo akakumbuka maneno ya arobaini, akaona haya. Akakaa tena. Mkate ukapoa mapajani mwake. Akasema kesho.

Jumatano, mkate wa nyota ulikuwapo. Ghita aliiacha mikate yake minne pale pale, akauchukua ule mmoja ukiwa umetoka tanurini, akaukumbatia ndani ya kitambaa, akaondoka. Nyundo za wafua shaba zilikuwa zikilia pande zote. Aliona kiwanda kimoja kimefungwa, lakini akili yake haikusimama hapo. Akaingia kijia cha watia rangi, akaruka mtaro uliokuwa wa manjano siku hiyo, akapanda daraja. Njiani alikuwa akitunga la kusema. Alipolipata, alikuwa keshafika.

Mlango ulikuwa na kufuli.

Aligonga hata hivyo. Jirani, mwanamke mtu mzima jina lake Haniya, akatoa kichwa.

"Wewe ni Ghita," alisema. Hakuwa akiuliza.

"Mdogo wangu yuko wapi?"

"Wamehama leo asubuhi, dada yangu. Mumewe kapata kazi Tanja, bandarini. Gari limeondoka saa tatu."

Ghita hakuelewa. "Mbona mkate wake huu? Umetoka tanurini sasa hivi."

"Aliukanda alfajiri, vyombo vyote vimeshafungwa. Akaupitisha kwa Ba Alali auweke kwenye ubao wako, wakienda kupanda gari. Juzi na jana alifanya hivyo hivyo, kisha akaketi kwenye kizingiti hiki kuanzia adhuhuri, akitazama darajani. Mimi nikamwambia, 'Radhia, si uende wewe?' Akaniambia, 'Niliapa sitamgongea mlango. Sikuapa kwamba sitampelekea mkate. Akiiona nyota atajua namwita, Ba Alali hakosei.' Jana alikaa mpaka magharibi."

Haniya akaingia ndani, akarudi na kitu kilichofungwa kwenye leso. "Akasema ukija nikupe hiki."

Ulikuwa muhuri wa mama. Mbao yake ilikuwa imelainika kwa mikono ya wanawake wawili. Ghita alikuwa ameugombania kwa miaka tisa, na sasa ulipokuwa wake hakuona kazi yake. Alikaa kwenye kizingiti, pale pale alipokuwa akikaa mdogo wake. Haniya, kwa kukosa la kufanya, akaupokea ule mkate ili ampunguzie mzigo, akashtuka.

"Mbona bado wa moto hivi, Ghita? Unaunguza mkono."

Hapo ndipo Ghita alipolia. Alilia kwa sauti, bila kujali wapita njia. "Miaka tisa," alisema, "miaka tisa nasema ni mbali, na mkate haujapoa!"

Hakutaka kuingia ndani wala kunywa chai. Alikaa na ule mkate mikononi mpaka ukawa baridi, ndipo akaondoka.

Kuanzia siku hiyo aligonga mikate yake kwa nyota ya mama, na kila siku alioka mmoja zaidi akampa mpita njia. Alituma barua Tanja. Kama ilijibiwa, wakubwa wangu hawakuniambia, nami sitawadanganya. Ila mtu yeyote aliyemwambia kwamba ndugu yake anakaa mbali, ng'ambo ya daraja, Ghita alimkabidhi mkate wa moto, akamwambia maneno yale yale ambayo leo mmenisikia nikiyasema.

Idrisi, acha kutazama chini. Mkate huo hapo mezani, mama yako kautoa jikoni sasa hivi, na viatu vyako viko mlangoni. Chukua kitambaa uufunge. Kwa ndugu mkate haupoi njiani, hupoa mlangoni.